Spika za Mninga na Sauti ya Bi Kabula

Mnaponiletea spika siku hizi, wanangu, jambo la kwanza mnaloniuliza ni wati. "Mzee Idi, hizi zina wati ngapi?" Ni kama mtu anayekwenda kununua ng'ombe wa maziwa akauliza pembe zina urefu gani. Sina ugomvi nanyi. Kazi nimeiacha, ncha ya waya siioni tena, na bisibisi nikiishika inacheza mkononi. Lakini masikio bado ninayo. Kwa kuwa mmekubali kukaa nami hapa barazani, acha niwaambie tulivyokuwa tukichagua spika za nyumbani hapa Tabora, miaka ile baada ya uhuru, na baadaye wakati wa Ujamaa, ambapo hata waya wa kuunganishia uliutafuta mji mzima. Na nikifika kwa Bwana Nassor mnivumilie, maana hapo huwa napoteza maneno.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Fundi Hirji. Alizaliwa hapa hapa mjini, baba yake alikuwa akishona matandiko ya punda na mikoba ya ngozi, na duka lake la redio lilikuwa kwenye mtaa unaoshuka kuelekea stesheni. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Alisema sana hata akiwa na misumari mdomoni. Siku moja alikuwa akijaribu amplifaya yake mwenyewe, ile ya valvu, yaani vile vitaa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa ndani ya sanduku. Akawa anamweleza mteja hatari ya kuwasha mashine ya namna hiyo bila kufunga spika, kwamba umeme unakosa pa kwenda na transfoma ya ndani inaungua. Akaeleza, akapanua mikono, akaeleza tena. Mimi nikaanza kusikia harufu. Nikamwambia, "Fundi, mashine inaungua." Akanijibu nisimkatize anapofundisha. Moshi ulipotoka juu ya sanduku ndipo alipogeuka, akaona waya za spika zinaning'inia hazijafungwa popote. Mteja akasema, "Sasa nimeelewa vizuri sana." Tulicheka mpaka tukakaa chini, na Hirji mwenyewe akacheka kuliko sote, ingawa transfoma ile ilimchukua muda mrefu kuisuka upya.

Mambo mengi niliyoyajua niliyapata kwake kwa namna hiyo. Alinifundisha kwamba amplifaya ndogo ni kama mpagazi mwembamba wa zile safari za zamani, mmoja wa wale waliopita hapa na mizigo kichwani kuelekea Ujiji. Mpe mzigo unaomfaa, atafika akiimba. Mpe jiwe, atafika akihema, au hatafika. Spika yenye karatasi nyepesi na sumaku nzuri huamka hata ukiisukuma kidogo. Yenye karatasi nzito, iliyofungwa ndani ya kisanduku kidogo kisichopitisha hewa, inataka nguvu kubwa ndipo iseme. Tazameni pia namba ya omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme, iliyoandikwa nyuma ya amplifaya, mtafute spika inayolingana nayo. Mkipima kwa mita, msishangae kuona namba imepungua kidogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye spika. Ndivyo ilivyo, spika haijaharibika.

Na mkilinganisha spika za aina mbili, hakikisheni zote zinatoa sauti ya ukubwa mmoja. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Sikio la binadamu linapenda kinachopiga kelele zaidi, linakiita kizuri. Punguzeni ile inayosema kwa nguvu, zilingane, kisha msikilize. Na msianze na ngoma. Anzeni na mtu anayeongea, bila muziki. Ngoma hakuna anayejua ilivyokuwa pale ilipopigwa, lakini sauti ya binadamu kila mtu anaijua tangu tumboni mwa mama yake.

Hirji aliondoka wakati Wahindi wenzake wengi walipokuwa wakiondoka. Nyumba aliyokuwa akiipangisha ilichukuliwa na serikali, duka likabaki na rafu tupu, watoto wake wakamwita ng'ambo. Siku ya safari alinikabidhi vifaa vyake, na pamoja navyo spika mbili ndogo alizozitengeneza mwenyewe. Masanduku yake yalikuwa ya mninga, ameyapiga randa mpaka yanateleza kama sabuni, na ndani ameweka spika za karatasi nyepesi alizokuwa amezihifadhi miaka mingi. Akaniambia, "Idi, hizi usimpe mtu anayetaka kelele." Treni ilipoanza kutembea alikuwa bado anaongea dirishani, mikono inapanda na kushuka, na mimi sikusikia neno hata moja. Sikumwona tena.

Sasa Bwana Nassor. Ukoo wake ulifika hapa na misafara kutoka pwani, na kabla ya hapo Omani, lakini yeye alikuwa mtu wa Tabora hasa, Kinyamwezi akikizungumza kama aliyezaliwa kijijini Ntalikwa. Ntalikwa ndiko alikooa. Mkewe alikuwa Bi Kabula, mwanamke mrefu, mcheshi, aliyekuwa akisimulia hadithi mpaka watoto wa majirani wanasahau kwenda kwao kula. Bwana Nassor alikuwa akinunua asali na nta vijijini. Mara nyingi alikuwa porini, mara Ulyankulu, mara mbele zaidi, na kila akirudi alikuja na kitu cha kumfurahisha mkewe. Safari moja alikuja na tepurekoda, ile ya magurudumu mawili ya utepe. Akamkalisha Bi Kabula mbele yake, akamwambia asimulie hadithi, binti yao Nuru apelekewe asikilize chuoni alikokuwa akisomea ualimu.

Tepu hiyo Nuru hakuwahi kupelekewa. Miezi michache baadaye Bi Kabula aliugua kifua. Aliugua akakonda, akalazwa, na habari zilipomfikia binti na yeye kufika, mama alikuwa ameshazikwa. Bwana Nassor akafunga ile tepurekoda ndani ya kabati. Halafu na biashara ikaondoka mikononi mwake, asali ikawa inanunuliwa na ushirika, na yeye akawa mtu wa kukaa nyumbani akiangalia mlango.

Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha siku moja akaja kibandani kwangu, amevaa kanzu safi, ananiamkia kwa uchangamfu wa kujilazimisha.

"Fundi, ndugu yangu amehamia Mombasa, ameniachia amplifaya yake. Ya valvu, nzima kabisa. Nataka spika za kuifaa. Ndogo, za kukaa sebuleni."

Nikamwambia ninazo, na nikamtajia zile za Hirji. Akasema mpwa wake naye amemletea nyingine kwa treni kutoka Dar es Salaam, mpya, zina fremu ya fedha mbele. Akataka nije nizilinganishe, yeye achague.

Nilikwenda baada ya sala ya alasiri. Nikazipanga zote kwa utaratibu wa Hirji: mbali kidogo na ukuta ili sauti isivimbe, zikiwa kimo cha sikio la mtu aliyekaa. Nikachukua betri ya tochi nikaigusisha kwenye waya, nikatazama karatasi ya spika inaruka mbele au inarudi nyuma, ili nisije nikafunga moja kinyume. Ukifunga moja kinyume, wanangu, mwimbaji anapotea. Unabaki na sauti iliyotawanyika kwenye kuta na katikati hakuna mtu.

Zile mpya nilizishuku tangu nilipozibeba. Zilikuwa nzito kama tofali, masanduku yamezibwa kila upande, na omu zake zilikuwa nusu ya zile amplifaya ilizozitaka. Lakini nilizifunga bila kusema kitu, tukaweka santuri ya dansi. Besi ikajaa chumba. Bwana Nassor akatikisa kichwa kwa furaha.

"Hizi, fundi! Hizi zina ngoma."

"Subiri, Bwana Nassor. Una kitu chochote cha mtu anayeongea tu?"

Alinitazama. Nadhani alikuwa amelingoja swali hilo na kuliogopa. Akaenda chumbani, akarudi na tepurekoda mikononi, ameibeba kama mtoto mchanga. Akasema, "Ninayo hii. Kwa kisipika chake cha ndani inatoa sauti kama mtu yuko ndani ya debe. Ndiyo maana hasa nimekuita."

Nikaiunganisha na amplifaya, tukaanza na zile mpya. Bi Kabula akasimulia hadithi ya sungura na mke wa fisi, sauti imetulia, nene, laini, kama mtu anayeongea amejifunika blanketi. Bwana Nassor alifumba macho. Alikuwa anatabasamu. Kama tungeishia pale, angezichukua zile, na mimi ningerudi nyumbani na zangu.

Nikafunga za mninga. Nikalinganisha sauti. Nikarudisha tepu mwanzo.

"Nassor, imeshaanza?"

Wallahi, wanangu, Bwana Nassor alisimama. Alisimama kumjibu. Hata mimi niligeuka kutazama mlango wa uani, maana sauti haikutoka kwenye sanduku, ilikuwa pale kwenye mkeka, ya mwanamke aliyekaa, anayepanga khanga yake magotini. Ulisikia bangili. Ulisikia kuku nje, na mtu anayetwanga nyumba ya pili. Akaanza kusimulia, na katikati ya maneno ulisikia pumzi yake.

Pumzi ile ndiyo iliyotuangusha. Ilikuwa fupi. Kila baada ya sentensi alivuta hewa kama mtu aliyepanda mlima, kisha akaendelea kwa uchangamfu ule ule. Alipofika sungura anapomdanganya mke wa fisi, Bwana Nassor wa kwenye tepu akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha mtu mwenye afya. Na chini ya kicheko hicho, ndani kabisa, tukamsikia Bi Kabula anakohoa. Alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Alikohoa, akajizuia, akakohoa tena, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Basi sungura akasema..."

"Rudisha," Bwana Nassor akaniambia.

Nikarudisha. Tukasikia tena.

"Rudisha."

Mara ya tatu hakuningoja nifike mwisho. Akazima mwenyewe. Akakaa chini pale pale kwenye sakafu, mtu mzima na kanzu yake.

"Alikuwa ameshaanza kuumwa," akasema. "Siku ile. Alikuwa anaumwa na alinificha. Nilikaa naye karibu hivi, fundi, kama mimi na wewe. Unamsikia yule anayecheka?"

Nikayatazama magurudumu ya tepu yaliyosimama.

"Yule anayecheka ni mimi."

Fundi anajua kuondoa mvumo kwenye waya, anajua kusafisha kitufe kinachokwaruza. Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri kuliko siku yoyote maishani mwangu, na kazi hiyo imemchoma mtu moyo. Baadaye akanyanyuka, akafuta uso, akasema kwa upole sana, "Niwekee zile za mpwa wangu."

Nikamweleza kwamba hazilingani na amplifaya, kwamba itafanya kazi kwa shida na valvu zitachoka mapema. Akasema anajua. Nikazifunga. Nikamwonya asiongeze sauti sana. Za mninga akaniomba niziache pale pale, akazifunika kwa kitambaa kama watu wanavyofunika kioo penye msiba.

Muda ukapita, shule zikafunga, na Nuru akaja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Tura, alikuja kwa treni kila likizo. Alinikuta kibandani naunga redio ya mtu.

"Shikamoo, mzee Idi."

"Marahaba mwanangu. Habari za Tura?"

Hakunipa habari za Tura. Akavuta kigoda akakaa.

"Baba amenisikilizisha ile tepu. Amefurahi, amenikalisha, amenipa kahawa. Mzee Idi, yule si mama. Ni mtu anayefanana na mama, lakini si yeye. Nimeona spika nyingine zimefunikwa. Nimemuuliza kwa nini hatuzitumii, ameondoka sebuleni."

Ningefanya nini? Nilimwambia ukweli, kwamba kwenye zile zilizofunikwa atamsikia mama yake sawasawa, na atausikia na ugonjwa. Kisha akasema, "Mimi sikumuuguza. Sikumwogesha. Nilikuta kaburi limeshamwagiwa maji. Baba anataka kumsahau akiwa mgonjwa kwa sababu alimwona. Mimi sikumwona. Hata hicho kikohozi nakitaka."

Tukaenda pamoja. Bwana Nassor alitukuta tumesimama mbele ya kile kitambaa, akajua.

"Nuru, mwanangu, usisikilize hayo."

"Ni mama yangu, baba."

"Utamsikia anavyoteseka. Na utanisikia mimi."

"Nitakusikia ukicheka," Nuru akasema. "Mama alikuwa anapenda ucheke. Ndiyo maana alikuwa anakuficha."

Bwana Nassor hakubishana tena, wala hakukubali. Alichukua fimbo yake akatoka barazani. Ndipo nilipopata wazo la kufunga swichi ndogo nyuma ya amplifaya, upande huu spika za fedha, upande huu za mninga, zisiweze kuwaka zote kwa pamoja zikaielemea mashine. Baba awe na zake, binti awe na zake. Mtaniambia hiyo si suluhu. Najua. Lakini nilikuwa na swichi tu, sikuwa na kingine cha kuwapa.

Miaka kadhaa nyumba ile iliishi hivyo. Nuru akija likizo, alasiri anageuza swichi, na Bwana Nassor anachukua fimbo anakaa nje. Wapita njia wakimsalimu anajibu kwa sauti kubwa kuliko inavyostahili, ili asisikie ya ndani. Nuru akirudi Tura, swichi inarudi upande wa fedha. Nilikuwa nikipita kusafisha soketi za valvu, na niliweza kujua ni nani aliyesikiliza mwisho kwa kutazama swichi tu.

Kisha ikaja ile miaka ya shida, ambayo nyinyi mmeisikia kwa wazazi wenu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na vipuri vya redio hata foleni yake haikuwepo. Valvu za Bwana Nassor zikaanza kuchoka, kama nilivyomwonya, sauti ikawa inazama na kukwaruza. Niliandika Mwanza, niliandika Dodoma, nilimwomba dereva wa treni aniulizie Dar es Salaam. Hakuna. Nchi nzima ilikuwa imehamia kwenye vile vidude vidogo vya transista, na valvu zilibaki kwa wazee.

Nilikwenda kumweleza. Ilikuwa mchana, mlango uko wazi, nikapiga hodi nisijibiwe. Nikaingia. Bwana Nassor alikuwa peke yake. Likizo ilikuwa bado, Nuru yuko Tura. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, si kwenye kiti, ameusogelea ukuta pale zilipo spika za mninga, na kitambaa kimekunjwa vizuri pembeni. Zilikuwa zinasema. Valvu zimedhoofika kiasi kwamba ilibidi nisimame kimya ndipo nisikie. Bi Kabula alikuwa amefika kwa mke wa fisi. Kile kicheko kikaja, na chini yake kikohozi, kikafichwa kwenye khanga.

Bwana Nassor akainama mbele.

"Pole, Kabula," akasema. "Pole sana, mke wangu."

Alisema kama anavyosema mume yeyote ambaye mkewe amekohoa pembeni yake wakati wa kahawa, bila kulia, bila kupaza sauti. Kisha akanyamaza kumwachia nafasi, na Bi Kabula akaendelea, "Basi sungura akasema..."

Nilirudi nyuma polepole mpaka uani. Nikakaa huko hadi nilipoisikia tepu inapiga mkia wake kwenye gurudumu. Ndipo nilipopiga hodi upya, kwa nguvu, kama ndiyo kwanza nafika. Kwa muda wa wiki zilizofuata nilipita mara kwa mara, na kila mara swichi niliikuta upande wa mninga. Halafu valvu moja ikapasuka kioo, amplifaya ikafa. Nilijaribu kila nilichojua. Nilijaribu hata kuibadilishia na ya redio ya zamani ya Hirji, ikawaka dakika chache ikazimika nayo.

Nikaenda kumwambia kwamba imeshindikana. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, namna gani tungeendelea kutafuta, nani anakwenda Nairobi. Aliniacha nimalize. Akanimiminia kahawa, akanisogezea kikombe.

"Usijisumbue, fundi," akasema. "Nilikuwa nimeshamwambia Kabula."